Kikohozi cha Nne

Mpanda, 9 Februari 2025

Dada yangu Minza,

Mwangaluka. Natumaini karatasi hii inakukuta salama wewe na binti yako Nyanzala, na ng'ombe, na yule punda mkorofi. Mimi huku ni mzima, sina neno, labda nyie. Naandika kwa kalamu kwa sababu ulisema simu ya Makoye wa dukani inasomwa na nusu ya kijiji kabla haijakufikia mwenyewe. Nampa mtu wa treni ya Tabora, yeye atampa mtu wa basi.

Dada, nimepata kazi ambayo sijui nikuelezeje. Unajua niliacha kusaga mawe ya dhahabu tangu mashimo yetu yalipofungwa. Miaka minne ya vumbi ikaisha hivyo hivyo. Tangu hapo nabeba tofali na kokoto. Mwaka jana tulikuwa tunajenga kwenye chuo kimoja hapa, wanafundisha waganga na wauguzi. Siku ya mwisho tunaosha ndoo, akaja mwalimu wao, mama wa Kifipa anaitwa Skolastika. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekuja mnadani. Akaninyooshea mimi kidole, akasema nina uso anaoutafuta. Nikamuuliza uso gani. Akasema uso wa mtu aliyechoka muda mrefu.

Kazi yenyewe ni kuumwa. Nalala kitandani kwenye lile jengo tulilojenga, mwanafunzi anaingia, ananiuliza maswali, ananipima kifua, anaondoka, anaingia mwingine. Wana mdoli mkubwa wa mpira anayepumua kabisa, kifua kinapanda na kushuka, lakini mdoli haulizwi akajibu. Ndiyo maana wanataka mtu. Wanaita mgonjwa wa kuigiza. Nimepewa karatasi ya kukariri. Mle ndani mimi si Ngolo. Ni Malale, mvuvi wa Karema, nina miaka arobaini na tano, nakohoa wiki ya tatu, natoka jasho usiku, nguo zimeanza kunipwaya.

Jana mwanafunzi mmoja anaitwa Rafaeli, kumbe kwao ni Karema hasa, akaniuliza samaki wao wa ziwani, migebuka, mwaka huu wakoje. Mimi ziwa lenyewe sijaliona. Nikamwambia wamenona, maana ng'ombe ndio najua wananona. Akacheka mpaka akasahau kunipima.

Mwalimu anasema kikohozi changu ni kizuri sana. Anasema amewahi kuona waigizaji wa mjini, hawakohoi hivi.

Kabla ya kuanza kulikuwa na fomu. Swali la kwanza: Je, u mzima wa afya? Nikajaza: Mzima, sijui nyie. Karani alicheka sana, akapiga muhuri.

Mimi mdogo wako,
Ngolo


Malampaka, 24 Februari 2025

Mdogo wangu Ngolo,

Mwangaluka na wewe. Barua ilifika imekunjwa mara nane kama dawa ya mganga. Sisi hapa wazima, mvua imenyesha ya kutosha kuotesha na haitoshi kushibisha. Punda amemuuma mwenyekiti, kwa hiyo anaendelea vizuri.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na Nyanzala akaisoma mara ya tatu kwa sauti ili nihakikishe sijakosea. Mtu anakaa kitandani, anasema anaumwa, analipwa. Sisi huku tunaumwa bure tangu tuzaliwe.

Lakini kazi hiyo uliianza zamani. Unakumbuka uliposema tumbo linauma ili usiende kuchunga? Mama akakuuliza linauma wapi, ukashika kulia. Aliporudi na uji ukashika kushoto. Ukachapwa pande zote mbili. Mwambie mwalimu wako awe macho na wewe, magonjwa yako huwa yanahama.

Neno moja sikulielewa. Anasema kikohozi chako ni kizuri. Tangu lini wewe unajua kukohoa? Wewe ulikuwa mtu wa tumbo. Nieleze.

Dada yako,
Minza


Mpanda, 20 Machi 2025

Dada yangu Minza,

Salamu nyingi kama mahindi ya mwaka ule wa neema. Mimi ni mzima kabisa, nikiwa na wasiwasi ni juu yenu tu. Nimecheka habari za punda.

Mambo yamebadilika chuoni. Wamekuja wageni kutoka mbali na kitabu kinene. Neno lao ni vigezo vya ubora. Kumbe hata kuumwa kwa uongo kuna ubora wake, na mtu anaweza kukaguliwa.

Nitakueleza nilivyoelewa. Siku ya mtihani, wanafunzi arobaini na wawili watapita kwangu, na kila mmoja lazima amkute Malale yule yule. Nikimwambia mmoja wiki tatu na mwingine mwezi, mtihani umeharibika. Ni kama mzani wa pamba, jiwe la kupimia haliwezi kuwa zito kwa huyu na jepesi kwa yule. Hilo nililielewa, nikawa hata nimefurahi kwamba kuna watu wanafikiria hivyo.

Kwa hiyo kikohozi nacho kimehesabiwa. Ni vitatu. Kimoja mwanafunzi akiingia, kimoja nikitaja jina langu, kimoja akiniambia nivute pumzi. Basi.

Halafu tukagombana juu ya salamu. Mwanafunzi aliingia akasema, "Habari yako, baba?" Nikasema nzuri. Mgeni akasimamisha kila kitu. Akaniuliza mgonjwa anawezaje kusema nzuri. Nikamwambia mzee, kwetu Usukumani mtu akiulizwa mhola, anajibu mhola, hata kama mguu umekatika uko pembeni yake. Kwanza unapokea salamu, shida inakuja baadaye. Yule mgeni akamgeukia Mwalimu Skolastika, na mwalimu akasema hata mama yake kule Ufipani hawezi kujibu vingine. Wakakaa, wakajadili, wakaandika mstari mpya kwenye karatasi ya alama. Mwanafunzi akishasalimia, lazima aulize mara ya pili. Asipouliza mara ya pili, Malale anabaki na nzuri yake mpaka kengele ilie. Siku hiyo hiyo watu watano wameondoka wakiniacha mzima.

Nilirudi nyumbani najiona nimeandika kitabu.

Sasa kinachonichanganya. Nakohoa kimoja, cha pili, cha tatu, kama ilivyoandikwa. Halafu kinakuja cha nne. Sikiiti mimi. Mgeni aliandika kwenye karatasi yake kwamba nazidisha. Mwalimu akanishauri ninywe maji kabla. Sasa nakibana kile cha nne mpaka machozi yanatoka, na wao wananisifu kwa machozi.

Unauliza nilijifunzia wapi kukohoa. Nadhani nilianza wakati wa kukariri karatasi, au kabla yake kidogo. Mtu akijizoeza kitu kila siku, kinamzoea na chenyewe.

Mimi mdogo wako,
Ngolo


Malampaka, 6 Aprili 2025

Ngolo mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Sisi wote hapa wazima. Naandika kifupi maana palizi imetushika shingoni.

Vile vitatu ni vya Malale, sawa. Cha nne ni cha nani?

Umesahau baba yetu alivyokwenda. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, wewe ndiye ulikuwa unashika kamba. Mganga alitoka mlangoni, akamsalimia. Baba akajibu mhola. Mganga akasema mzee mbona yuko vizuri, akampa vidonge vya kichwa. Tulirudi naye, na Jumapili yake tukamzika. Nilimchukia yule mganga miaka mingi. Nimesoma barua yako nikaona kwamba alikosa mstari mmoja tu kwenye karatasi.

Nijibu hilo swali langu la cha nne, usinieleze habari za mzani wa pamba.

Dada yako,
Minza


Mpanda, 2 Mei 2025

Dada Minza,

Heri ya siku hizi, na poleni na palizi. Mimi mzima.

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Unauliza cha nne ni cha nani. Dada, mimi asubuhi nakuwa Malale mpaka saa nane. Nikitoka pale najikuta natembea kama Malale, polepole, nasimama kwenye kona ya soko kupumzika. Shati linanipwaya, na kwenye karatasi imeandikwa nguo zinanipwaya. Jasho la usiku nalo limeandikwa. Nashindwa kujua ni mimi ninayeiga karatasi au ni karatasi inayoniiga mimi.

Mtihani umefanyika wiki iliyopita. Naomba unisaidie kufikiri jambo moja.

Kwenye karatasi, mwanafunzi akimaliza kunipima anatakiwa anipe kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko, aseme, "Baba, utaniletea makohozi ya asubuhi." Mimi napokea kikopo, kengele inalia, nakirudisha kitupu, anaingia mwingine. Wote walifanya hivyo.

Yupo binti anaitwa Theopista, kwao Mwese kule milimani, mpole, haongei hata na wenzake. Aliniuliza mara ya pili vizuri. Akanisikiliza mgongoni kwa kile kifaa chao. Wengine wanaweka hapa na hapa wanaondoa. Yeye alikaa pale pale chini ya bega la kushoto, akarudia, akarudia tena. Akavaa uso mwingine kabisa. Akanipa kikopo akasema taratibu, "Baba, hiki uniletee kweli."

Kengele ikalia.

Hilo neno kweli halipo kwenye karatasi. Nimeikagua yote. Sasa sijui. Labda alikuwa anaigiza vizuri kuliko wenzake. Labda alisahau. Kuuliza siruhusiwi, kigezo kinasema mgonjwa wa kuigiza haongei na mwanafunzi nje ya zoezi. Baada ya mtihani kuna kikao cha mazungumzo, nami napewa nafasi niseme nilivyojisikia, ila niseme kama Malale. Nikasema Malale anashukuru kwa huduma, lakini Malale hajui hiki kikopo ni chake au ni cha mtu mwingine. Wakacheka wote, wakapiga makofi. Theopista peke yake hakucheka. Kisha nikasikia amekatwa alama kwa kuongeza neno.

Kikopo sikukirudisha. Nimekiweka juu ya boriti chumbani kwangu.

Na juzi nimepewa fomu mpya ya muhula ujao. Swali la kwanza ni lile lile. Mwalimu alitueleza kwamba ni kigezo, mgonjwa wa kuigiza sharti awe mtu mzima wa afya, kwa ajili ya usalama wa wanafunzi. Asiye mzima hawezi kuendelea kuumwa. Kwa hiyo nina fomu na nina kikopo. Nikijaza kimoja, kingine kinakataa. Kazi nyingine kwa sasa sina, na tofali siziwezi tena, nishike mbili tu naona nyota.

Wewe ulifika la saba, mimi niliishia la tano. Niambie.

Mdogo wako,
Ngolo


Malampaka, 15 Mei 2025

Ngolo,

Sikusalimii. Salamu zimetumaliza sisi.

Umeniandikia kwamba shati linapwaya, unatoka jasho, unasimama kwenye kona kupumzika, tofali mbili zinakuonyesha nyota. Na juu ya hayo yote umeandika mimi mzima. Nyanzala ana miaka kumi na mitatu, ameisoma mara moja akaniuliza, "Mama, mjomba anaumwa nini?"

Unataka kujua kikopo ni cha nani. Yule binti alishakuambia ni chako, wewe unakagua karatasi.

Basi mimi nakuuliza mara ya pili, kama mlivyoandika kwenye hicho kitabu chenu. Habari yako ya mzima nimeipokea. Sasa, mdogo wangu, unajisikiaje?

Peleka kikopo. Kazi iondoke kama inataka kuondoka. Na ukinianzishia barua nyingine kwa lile neno mzima, naiwashia moto jikoni kabla sijaisoma.

Minza


Malampaka, 30 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Ngolo,

Twakusalimu kwa salamu ya nyumbani, mhola. Sisi hapa wazima.

Wiki sita na nusu zinakwisha sijapata neno. Simu yako inasema haipatikani. Makoye wa dukani amejaribu mara nyingi, mpaka nusu ya kijiji sasa inaniuliza mimi.

Ile habari ya kuwasha moto nilikosea. Andika hata mzima, nitaisoma. Andika jina lako tu nitaisoma.

Usishangae mwandiko, anaandika Nyanzala, mimi nimekaa tu.

Dada yako anayekungoja,
Minza


Mpanda, wodini, 14 Julai 2025

Dada yangu Minza,

Mhola kwako na kwa Nyanzala. Lile neno jingine sijaliandika, unaona mwenyewe.

Nimelazwa tangu mwisho wa Mei. Simu niliiuza kabla ya hapo, na kalamu wamenipa leo. Ni kifua kikuu, na vumbi la mawe nalo limo humo humo, vimekaa pamoja kama ndugu. Nakunywa dawa kila siku mbele ya muuguzi, zitakwenda miezi sita. Damu niliyokuwa nakohoa, ambayo sikukuandikia, imekoma. Kwenye mzani nimeanza kurudi kidogo. Hivyo ndivyo ninavyojisikia. Na ninaogopa, hilo nalo uliandike.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Fomu nilishaijaza. Nilishaandika Mzima. Niko nayo mfukoni naipeleka, nikapita stesheni, yule mtu wa treni akanipa barua yako. Nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nikatoa fomu nikalikata lile neno kwa wino, pembeni nikaandika: Sijui, niulizeni tena. Kesho yake asubuhi nikampelekea Mwalimu Skolastika fomu na kikopo pamoja, na kikopo hakikuwa kitupu.

Alisoma fomu muda mrefu kuliko ilivyo ndefu. Kisha akasema, "Mzee Ngolo, nilikuwa nakupa alama kwa kitu kinachokuua." Akanishika mkono akanileta hapa mwenyewe, kwa miguu.

Wanafunzi wote arobaini na wawili wamepimwa, na yeye pia. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko damu, kwamba nililipwa kuwakoholea watoto wa watu. Mpaka leo hakuna aliyekutwa na ugonjwa, ila wataendelea kuangaliwa. Fomu imeondolewa. Sasa anayetaka kuwa mgonjwa wa kuigiza anapimwa kwanza kifua, haulizwi kama ni mzima.

Theopista hakurudishiwa alama zake. Nilimuuliza mwalimu kwa nini, maana ndiye aliyekuwa sahihi. Akasema sahihi alikuwa, ila kitabu hakina mstari wa mwanafunzi anayegundua ugonjwa ambao haumo kwenye karatasi. Anawaandikia wale wageni barua. Mimi bado sijaelewa. Wanamfundisha mtu aone, akiona wanamkata. Mwalimu naye anasema hajaelewa, na yeye ndiye mwenye kitabu.

Jana waliletwa wodini kujifunza kwa wagonjwa wenyewe, wamevaa barakoa. Akaja kitandani kwangu Theopista na daftari lake. Akasema, "Habari yako, baba?"

Nikasema nzuri. Imetoka tu, dada, mdomo ni wa baba yetu.

Hakuandika kitu. Alivuta kigoda akakaa. Akauliza mara ya pili.

Nikaanza, naitwa Malale, mvuvi wa. Nikaishia hapo. Tukatazamana, yeye macho tu yanaonekana, anacheka au analia sikuweza kupambanua. Nikaanza upya. Nikamwambia naitwa Ngolo, kwetu Malampaka, nimesaga mawe miaka minne, nakohoa nadhani tangu mwaka juzi. Hayo sijawahi kumwambia mtu kwa mpangilio huo. Hata mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Dada, hapa kitandani nina muda, nimezirudia barua zako zote. Kila moja inasema sisi wote hapa wazima. Ile ya mwisho mwandiko ni wa Nyanzala, umesema wewe umekaa tu. Nimejaribu kukumbuka lini nimewahi kukuona umekaa tu, sijakumbuka.

Hiyo habari ya wazima nimeipokea. Sasa nakuuliza mara ya pili.

Mdogo wako,
Ngolo